Kuhusu uji wa asubuhi kabla ya upasuaji

Dada, umeuliza kwa nini muuguzi amemkataza mama yako uji wa uwele asubuhi ya upasuaji, ilhali ni mwepesi na mama ana njaa. Uji, hata uwe mwepesi kiasi gani, huhesabiwa kuwa chakula, sawa na maziwa na chai ya maziwa. Dawa ya usingizi hulegeza misuli inayozuia vilivyomo tumboni visipande, na vikipanda vikaingia kwenye mapafu vinaweza kumuua mgonjwa. Ndiyo maana kwa kawaida chakula chepesi husimamishwa muda wa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi na maji matupu muda wa saa 2 kabla yake, ingawa mwenye kisukari au ujauzito anaweza kupewa maelekezo tofauti. Kwa hiyo, ikiwa mmetoka mbali, tuseme Kondoa au Mpwapwa, na mama amekunywa chochote njiani, mwambieni muuguzi ukweli hata kama upasuaji utaahirishwa; kuficha ni hatari zaidi kuliko kusubiri. Mtajieni pia dawa zote anazotumia, zikiwamo za miti shamba, ambazo ndugu wengi huona haya kuzitaja ilhali baadhi huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Hereni, meno ya bandia na rangi ya kucha vitaondolewa, rangi hiyo kwa sababu huweza kuvuruga kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Na kabla hajatia saini ya ridhaa, ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Kama ni Kigogo, ombeni mtu amfafanulie.