Mkuu, usilipie mwaka mzima!

Usibonyeze hiyo ofa! Nimesoma uzi wako mpaka uliposema programu ya kocha wa kupunguza uzito inakupa siku 7 bure, halafu mwaka kwa nusu bei, roho ikaniuma. Ndiyo iliyoninasa mimi hapa Dodoma.

Nilijiunga kwa sababu ya dada mmoja wa Instagram na picha zake za kabla na baada. Nikalipia mwaka kwa kadi ya benki ninayopitishia mshahara. Mwanzoni raha: alfajiri nazunguka Makole, jioni naripoti nilichokula. Naandika mlenda, haumo kwenye orodha yao ya vyakula. Ugali wa uwele, haumo. Inaniletea spinachi na mkate, inajumlisha kalori za sahani ya mtu mwingine. Siku moja nikamwandikia kocha kwamba goti linauma hata kupanda ngazi. Jibu papo hapo: "Hongera bingwa, endelea hivyohivyo!" Hapo nikajua hakuna mtu upande wa pili. Nikaifuta.

Sasa nisikilize. Kufuta programu kwenye simu HAKUSITISHI usajili. Januari iliyofuata, wiki ya ada za watoto, meseji ya benki ikaingia: wamekata tena. Na safari hii bei kamili, kwa dola, maana nusu bei ilikuwa ya mwaka wa kwanza tu, imeandikwa chini kwa herufi za kutafuta na tochi. Nikaandikia huduma kwa wateja, kila mara barua ileile ya Kiingereza. Yule dada nilipomuuliza, akanifungia. Anakula kamisheni kwa kila anayejiunga kwa namba yake ya punguzo, halafu hawezi kukuambia jambo moja la maana! Ile ilikuwa hela ya watoto.

Lipa mwezi mmoja tu, na ughairi siku hiyohiyo. Fungua Google Play, gusa picha yako ya wasifu, ingia Malipo na usajili, kisha Usajili, ghairi. Utaendelea kuitumia mpaka mwezi uliolipia uishe. Ukiona bado unaifungua kila siku kwa hiari yako, lipia mwezi mwingine. Na usiweke kadi ya mshahara, hata kwa hizo siku 7 za bure.

Hiyo saa ya kwenye ofa inayokuhesabia dakika zilizobaki isikutie presha. Ofa itarudi tu, mimi niliiona ikirudi kila wiki.