Tomcat ya SACCOS: kabla hujaiweka hewani, kagua aliyekutangulia alifungua nini

Mkuu, umesema mmekabidhiwa mfumo wa SACCOS, umeandikwa kwa Java, unakaa kwenye Tomcat 8.5 (programu inayoendesha mifumo ya Java kwenye wavuti) ndani ya seva ya Linux mliyokodi, na mbele yake kuna Nginx (inayopokea maombi ya wavuti na kuyapitisha kwa Tomcat) yenye cheti cha usimbaji cha Let's Encrypt. Unauliza ufunge nini kabla wanachama hawajaanza kuingia kwa simu, na kama ni lazima kuhama toleo. Nakujibu kwa niliyoyakuta kwenye kazi za watu hapa Dar, maana maelekezo mengi ya YouTube yanakufundisha kuiwasha tu, basi.

Tomcat ukiipakua leo inakuja imefungwa vizuri tu. Kwenye tomcat-users.xml hakuna mtumiaji hata mmoja, manager (ukurasa wa kusimamia na kupandisha mifumo) haifunguki nje ya mashine yenyewe, na AJP (njia nyingine ya kuzungumza na Tomcat, kando ya HTTP) imezimwa. Wanaoifungua ni sisi mafundi, tukiwa na haraka ya kumwonyesha bosi kwamba kitu kinawaka.

Anza na manager. Niliwahi kuitwa kwenye duka la jumla la vipuri Kariakoo, mama mwenye duka analalamika kwamba mfumo wa stoo umekuwa mzito, vijana wa kaunta wanaandika risiti kwa mkono. Kupiga top (amri ya kuona programu zinazokula prosesa), nakuta programu moja yenye jina lisiloeleweka imekula prosesa yote, na inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye Linux. Kwenye folda ya webapps kulikuwa na WAR (kifurushi cha mfumo wa Java) ambayo hakuna aliyeitambua. Ndani yake faili moja la JSP (ukurasa wa wavuti wenye msimbo wa Java), mistari michache, linapokea amri kutoka kivinjari na kuzipeleka moja kwa moja kwenye Linux. Logi ilionyesha limepandishwa kupitia /manager/html/upload na mtumiaji tomcat. Nywila yake ilikuwa tomcat pia. Na anwani ya aliyepandisha? 127.0.0.1. Kila mstari wa logi, 127.0.0.1.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitapaeleza taratibu. Ukifungua webapps/manager/META-INF/context.xml utaona RemoteAddrValve, kichujio kinachoruhusu anwani za mashine yenyewe peke yake. Fundi wa pale hakuigusa, na alikuwa na uhakika kabisa kwamba amejikinga. Ila Nginx ilikaa kwenye mashine hiyo hiyo, ikipitisha kila ombi kwenda 8080, poti ya Tomcat. Machoni pa Tomcat, anayegonga ni Nginx, yaani 127.0.0.1, hata kama mwenyewe yuko ng'ambo. Mlinzi alikuwepo getini, lakini kila mgeni aliingia amevaa sare ya nyumba.

Kama mnapandisha mfumo kwa scp (kunakili mafaili kupitia SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia seva), manager hamuihitaji. Ifute, pamoja na host-manager, docs na examples. Kama lazima ibaki, ifikie kwa njia ya SSH (ssh -L 8080:127.0.0.1:8080), na kwenye Nginx pitisha njia ya mfumo wenu tu, tuseme /saccos, si kila kitu. Kisha weka RemoteIpValve ndani ya Engine kwenye server.xml ili Tomcat isome anwani halisi kutoka kwenye X-Forwarded-For (sehemu ya ombi inayobeba anwani ya mteja), na kwenye AccessLogValve (inayoandika logi ya maombi) ongeza requestAttributesEnabled="true". Bila hiyo ya mwisho, logi itaendelea kukuandikia 127.0.0.1, na siku ya tatizo hutakuwa na pa kuanzia.

Jaribio la haraka: zima waifai ya ofisi, washa bando la simu, andika anwani ya IP ya seva ikifuatiwa na :8080. Ukiona ukurasa wowote, cheti chenu cha Let's Encrypt ni pambo, maana mtu anaweza kuizunguka Nginx akaingia kwa nyuma bila usimbaji wowote. Kwenye Connector (sehemu ya server.xml inayotaja poti) andika address="127.0.0.1", halafu hakikisha na ss -tlnp, amri inayoorodhesha poti zilizo wazi.

La pili kwa uzito ni nani anaiendesha. Lile faili la Kariakoo lingekuwa na madhara madogo zaidi kama Tomcat isingewashwa na root. Watu wanaiwasha hivyo kwa sababu poti za chini ya 1024 zinahitaji root, lakini nyinyi mna Nginx inayoshika 443, hamna kisingizio. Tengeneza mtumiaji tomcat asiye na ruhusa ya kuingia. Mafaili yote yawe ya root, kundi la tomcat lisome tu. Logs, temp na work ndizo pekee anazoweza kuandika. Weka autoDeploy="false", ili Tomcat isiwashe yenyewe WAR inayotupwa kwenye webapps. Najua itawakera kidogo, kwa sababu WAR mtaifungua wenyewe kila mkileta toleo jipya. Kubalini usumbufu huo. Mtu akipata upenyo kwenye mfumo, hataweza kupandisha programu yake pembeni.

Picha za vitambulisho ambazo wanachama watapakia zikae nje kabisa ya webapps. Zikikaa ndani, mtu atapakia JSP badala ya picha, aifungue kwa kivinjari, na mmerudi kule kule. Tena hizo ni namba za NIDA na salio za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, mwenyekiti wenu ajue hilo.

Vidogo vidogo: poti ya kuzimia 8005 ibadilishe iwe -1, systemd (inayosimamia huduma za Linux) itaizima Tomcat bila shida. ErrorReportValve, inayoonyesha ukurasa wa makosa, iwe na showReport="false" na showServerInfo="false". Kuki ya seshoni iwe Secure (itumwe kwa HTTPS tu) na HttpOnly (isisomwe na JavaScript).

Uliuliza pia kuhusu kusimba nywila ya hifadhidata iliyoko kwenye context.xml. Mimi sijisumbui. Tomcat lazima iijue nywila yenyewe ili iitume MySQL, kwa hiyo ukiisimba utatafuta pa kuficha ufunguo, na ufunguo utakaa kwenye seva hiyo hiyo. Faili lisomwe na root na kundi la tomcat tu, na mtumiaji wa MySQL asiwe root wala asiguse hifadhidata nyingine.

Kuhusu toleo: ndiyo, hameni. 8.5 iliachwa rasmi 31 Machi 2024. Mwaka uliofuata lilipotangazwa tundu la usalama la CVE-2025-24813, viraka vilitoka kwa 9, 10.1 na 11 tu. Nendeni 9 ya karibuni kwanza, mfumo wenu utawaka bila kubadilisha msimbo mwingi, kwa sababu bado inatumia javax (majina ya zamani ya maktaba za Java). Msinakili server.xml ya zamani mkaibandika. Anzeni na mpya, mhamishe kimoja kimoja mnachokijua kazi yake. Mkikuta AJP ya 8009 imewashwa na hakuna anayejua kwa nini, iacheni huko huko. Tundu la Ghostcat la 2020 lilipitia hapo, likamwezesha mtu kusoma mafaili ya ndani ya mfumo. Kuanzia toleo la 10 majina yamekuwa jakarta. Mkifika huko, wekeni WAR yenu kwenye folda ya webapps-javaee, Tomcat itaibadilisha yenyewe, lakini fanyeni hivyo kwenye mashine ya majaribio kwanza, na mpitie kila ripoti ya mwisho wa mwezi kabla ya kuhamia moja kwa moja.