Usibakize deni kwenye kadi, hata la dola moja

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 19, ni mtu wa Mwanza, nasoma mwaka wa pili chuo kikuu hapa Texas kwa viza ya F-1. Nafanya kazi maktaba ya chuo, kwa hiyo namba ya soshali (Social Security, ya utambulisho huku Marekani) ninayo. Nataka kadi ya kwanza ya mkopo nianze kujenga historia ya mkopo. Nimeona mbili: ya wanafunzi isiyo na ada ya mwaka, na ya dhamana, ambayo unaweka dola 200 kwanza. Binamu yangu anasema nisilipe deni lote kila mwezi, nibakize kidogo ili benki waone naitumia kadi. Nichukue ipi, na nibakize kiasi gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usibakize hata senti.

La kadi ni jepesi, tulimalize. Omba ya wanafunzi. Sheria ya 2009 inamtaka aliye chini ya miaka 21 awe na kipato chake au mtu wa kumdhamini, na wewe mshahara wa maktaba unao. Uandike kama ulivyo, usiuongezee chumvi. Wakikukataa, chukua ya dhamana. Hizo dola 200 zinabaki zako, utarudishiwa ukifunga kadi bila deni. Hakikisha tu inaripoti kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza historia za mikopo, zote tatu.

Sasa nirudi kwa binamu, maana huyu binamu nakutana naye kila wiki kwa sura tofauti. Kadi ina tarehe mbili: siku ya kufunga hesabu, steitimenti inapotoka, na siku ya mwisho ya kulipa, ambayo sheria inataka iwe angalau siku 21 baadaye. Benki nyingi huripoti deni lililoonekana siku ya kufunga hesabu. Yaani ukinunua vitabu vya dola 60, steitimenti ikitoka wameshaona unatumia kadi. Ukilipa zote 60 ndani ya muda, hutozwi riba na historia inajengeka vilevile. Ukibakiza 20, unaanza kutozwa riba, na mara nyingi unapoteza ule muda wa bure: hata sabuni utakayonunua kesho inaanza kuhesabiwa riba siku hiyohiyo. Kadi za wanafunzi kuzidi asilimia 20 kwa mwaka ni jambo la kawaida.

Mangi wa mtaani kwenu anakuandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi unamlipa. Ulishaona Mangi anamwamini zaidi yule anayebakiza buku mbili kila mara?

Kuna kijana alinijia na bahasha ya kaki, ndani steitimenti 14, mstari wa salio kaupigia wino mwekundu kwa rula. Kila mwezi kabakiza karibu dola 200, makusudi, kama mtu anayetoa sadaka. Hela za kulipa zote alikuwa nazo benki muda wote. Kwa riba ya asilimia 25, dola 200 zinakula kama dola 50 kwa mwaka, na hakupata alama hata moja kwa ajili yake.

Kwenye skoa ya FICO, yaani alama ambazo wakopeshaji hutumia kupima kama unalipa vizuri, inayoanzia 300 hadi 850, asilimia 35 ni kulipa kwa wakati, na 30 ni ukubwa wa deni, hasa ukilinganishwa na kikomo cha kadi yako. Kwa hiyo deni kubwa likiripotiwa linakushusha. Hakuna zawadi ya kulibeba. Weka bili ya simu kwenye kadi, basi, halafu iagize benki ikate yenyewe salio lote la steitimenti. Angalia usichague malipo ya kiwango cha chini. Kitufe chake mara nyingi kiko palepale jirani.

Halafu subiri. FICO haikupi alama mpaka akaunti ifikishe miezi sita, na hapo ndipo matapeli wanapopata riziki. Wamejaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili huku Marekani: nipe dola 300, baada ya wiki mbili una skoa ya 720. Wengine wanauza namba wanayoiita CPN, ati uitumie badala ya namba yako ya soshali. Mara nyingi hiyo ni namba ya mtoto au mzee fulani, imeibwa. Ukiiandika kwenye fomu ya benki, umedanganya kwenye maombi ya mkopo, kosa la shirikisho, na wewe una viza ya kulinda. Aliyekuuzia atakuwa amebadilisha laini ya simu. Na anayedai malipo kabla hajafanya chochote anavunja sheria ya 1996 ya biashara ya kurekebisha mikopo. Hilo pekee lingetosha kumfungia mlango, lakini watu wetu wanalipa kwa sababu muuzaji anaongea Kiswahili, na mkewe wanasali naye kanisa moja au msikiti mmoja.

Ripoti yako utaisoma bure AnnualCreditReport.com, kila wiki ukitaka. Na binamu mwombe steitimenti yake ya mwezi uliopita, mkae muutafute pamoja mstari wa riba.