Kaa kwenye kigoda chake kwanza

Mwaka wangu wa pili wa kwenda Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, na timu ya uinjilisti ya kanisa letu, mama mmoja mshonaji aliniita pembeni baada ya maombi. Mguu wake ulikuwa bado uko kwenye pedali ya cherehani. Akaniuliza kwa Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo, taratibu, bila hasira: "Mutumishi, ile karatasi munaandikaka majina, iko na fasi ya kuandika kama mutu alikuwaka ameokoka zamani?"

Karatasi yenyewe nilikuwa nimeishika. Jina lake lilikuwa namba 14, chini ya kichwa "Waliompokea Yesu". Akanieleza kwamba alikuwa mwimbishi wa kwaya kule Rutshuru kwa miaka 19 kabla vita havijamfukuza, na kwamba sisi tulikuwa timu ya tatu kumwongoza sala ya toba. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. "Mutu iko na njala hawezi kukatala maombi," akasema, akaendelea kushona.

Siku ile tulikuwa tumekuja na posho (unga wa mahindi), sabuni na chumvi, na tulikuwa tumepanga mahubiri yatangulie, mgao ufuate. Tangu 2020 chakula wanachopewa wakimbizi hapa Uganda kimepunguzwa zaidi ya mara moja. Mtu ambaye sufuria yake ni tupu, ukimwambia anyooshe mkono wa kumpokea Yesu huku magunia yameegemea ukuta mbele yake, utajuaje kwamba ule mkono umenyooshwa na moyo? Mimi sikujiuliza. Nilihesabu mikono, nikaenda kusoma hesabu hiyo madhabahuni Kampala, watu wakasema amina.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipaswa kujua. Mimi ni mtu wa Arua, kule West Nile alikotoka Idi Amin. Amin alipoanguka mwaka 1979 na jeshi likaja kulipiza kisasi West Nile, watu wetu walivuka kwa maelfu kuingia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, na kila aliposimulia alianza na mwanamke wa Aru, ng'ambo ya mpaka kule Zaire, aliyemwazima jungu na kumuuliza, "Watoto wako wanaitwa nani?" Hakuwahi kumsahau kwa sababu ya swali hilo. Na mimi mjukuu wake, nimekulia Kiswahili cha mpakani, nikakaa mbele ya mama aliyetoka Kongo na nisimuulize lolote zaidi ya jina la kujaza fomu.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda, iwe Nakivale, Kyangwali au Bidi Bidi, au kwa Waeritrea na Wakongo wa hapa hapa Kampala, naomba unisikilize kama ndugu.

Tenganisha chakula na mahubiri. Ukiwa na posho, toa posho, waache watu waende nyumbani wakapike. Rudi siku nyingine na Neno, mikono mitupu, uone nani atakuja. Tulipoanza kufanya hivi walikuja wachache sana, na viongozi wetu wengine walivunjika moyo. Lakini hao wachache walibishana na sisi, walituuliza Mungu alikuwa wapi usiku ule kijiji kilipochomwa, na mmoja alilia hadi tukanyamaza wote. Hapo ndipo nilipoona kwamba kabla ya hapo hakuna mtu aliyekuwa ametuambia ukweli.

Pokea kitu kutoka kwao. Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Pale kisimani Samaria, Bwana alianza kwa kuomba maji. Alikuwa na kiu kweli, na alimwomba mwanamke Msamaria ambaye Wayahudi wasingechangia naye chombo. Sisi tulikuwa tunashuka garini na chupa zetu za maji na chapati zetu zimefungwa kwenye mfuko, tunakula tukiwa tumefunga vioo. Siku hizi ninakaa kwenye kigoda ninachopewa, ninanawa, ninakula sombe (majani ya muhogo) na bugali waliopika. Ukikataa chakula cha mtu kwa kumhurumia, umemwambia hana cha kukupa, na hakuna mtu asiye na cha kutoa.

Kamera iache. Kama ni lazima, omba ruhusa baada ya kukaa saa nzima, si dakika tano za kwanza.

Halafu kuna jambo la jirani asiye wa imani yako. Nakivale kuna Wasomali wengi, na mimi nilipata rafiki mwenye duka pale Base Camp, mzee ambaye chai yake ya iliki siwezi kuieleza. Mara ya nne nilipomtembelea aliniuliza waziwazi: "Unakuja kwangu ili niwe Mkristo?" Nilimwambia ukweli, kwamba ningependa sana amjue Yesu ninavyomjua, na kwamba hata asipomfuata maisha yake yote nitakuja kunywa chai. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilipotoka pale nilijiuliza kama nilichosema kilikuwa kweli. Jiulize na wewe kabla hujabisha hodi kwake: akikukatalia leo, mwezi ujao utapita kumjulia hali? Kama jibu ni hapana, bado humpendi. Omba kwanza, uende baadaye. Huyu mzee hajabadili dini. Mwaka jana mama yangu alipolazwa Arua, yeye ndiye aliyenipigia simu kila jioni kuliko mshirika yeyote wa kanisa langu.

Fomu bado tunazo, kwa sababu wafadhili wanazitaka. Tumeongeza mstari mmoja: "Alikuwa anafanya nini kwao?" Tumepata walimu wa hesabu, fundi wa redio, mkunga, na wachungaji wawili ambao tulikuwa tumewahesabu kama watu wa kuokolewa.

Mama mshonaji nilimrudia bila timu. Nilimwomba msamaha, akasema yamekwisha, akanipa ncha ya kitenge niishike wakati anakikata. Tulifanya vipande sita vya sare za kwaya aliyoianzisha pale kambini, akawa ananirekebisha kila nilipolegeza. Kisha akaniuliza naimba sauti gani.