Miaka miwili nikisikiliza makombo ya Blu-ray bila kujua

Shemeji yangu si mtu wa vyombo. Alikuja Jumapili kula pilau, akashiba, akaketi chini karibu na kabati la TV huku filamu ikiendelea. Ghafla akainama kusoma kile kidirisha kidogo cha resiva, chombo kinachopokea sauti kutoka kwenye deki na kuendesha spika. "Shem, si ulisema hii yako ni ile ya TrueHD? Mbona hapa imeandikwa Dolby Digital?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni majina tu, kitu ni kilekile. Alipoondoka nikachukua kasha la diski, nikaligeuza nyuma, nikavaa miwani. Kasha linasema Dolby TrueHD 5.1. Resiva inasema Dolby Digital. Si kitu kilekile hata kidogo. Na huo ulikuwa mwaka wa pili tangu nianze kununua diski halisi za Blu-ray, nyingi zikija na ndugu anayefanya safari za Dubai, nikiwatambia watu kijiweni kwamba kwangu wanasikia sauti ileile iliyotoka studio.

Nimeandika haya kwa sababu tangu siku hiyo nimekagua seti za jamaa kama sita hivi, na nne zilikuwa na ugonjwa uleule.

Tuanze na kilichomo ndani ya diski. Sauti ya filamu ikitoka studio, kila chaneli hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 24. Seti ya 5.1 ina chaneli sita: tatu za mbele, mbili za kukuzunguka, na ile ya mngurumo inayokwenda kwenye sabufa. Zidisha mwenyewe, utapata biti karibu milioni 7 kila sekunde. Filamu ya saa mbili inakula GB 6 na ushee, na hapo picha haijawekwa hata moja. DVD ya kawaida nzima ni GB 4.7.

Ndiyo maana enzi za DVD ilibidi kukata. Dolby Digital kwenye DVD haizidi kilobiti 448 kwa sekunde, yaani kama MB 400 kwa filamu ya saa mbili. Kutoka GB 6 hadi MB 400 hufiki kwa kukunja vizuri. Lazima utupe vitu. Programu inakisia ni kipi sikio halitakigundua, inakiondoa, na hakirudi tena. Kusema kweli inakisia vizuri sana. Sinema zenyewe zilianza na Dolby Digital mwaka 1992 kwa kilobiti 320 tu, na watu walitoka ukumbini wakisifia.

Blu-ray ilipokuja 2006 na nafasi ya GB 25, au 50 kwa diski ya tabaka mbili, ulazima wa kutupa ukaisha. Hapo ndipo zilipoingia Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio. Zote mbili ni njia za kukunja bila kukata. Chukua khanga: unaweza kuikunja mpaka ikaenea kwenye mfuko wa shati, na ukiifungua kila uzi upo na jina lake linasomeka. Ukiipunguza kwa mkasi nayo itaenea mfukoni, lakini khanga hiyo huivai tena.

Sasa hizi mbili zinakunja kwa mitindo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifunga macho. DTS-HD ina kiini ndani yake, DTS ya kawaida ya kama megabiti 1.5, halafu pembeni kuna salio, yaani kila kilichokosekana kwenye kiini. Chombo cha zamani kinasoma kiini na kuishia hapo. Chombo kipya kinajumlisha vyote viwili na kupata sauti kamili. TrueHD yenyewe haina kiini. Kwa hiyo kwenye diski huambatana na Dolby Digital ya pembeni, na deki ikiona njia ni nyembamba, inakupa ile ya pembeni. Kimyakimya. Haileti onyo, sauti inatoka, spika zote zinalia, na wewe unamtambia shemeji.

Njia yangu ilikuwa nyembamba kwa sababu ya waya. Nilikuwa natumia ule waya mwembamba unaowaka taa nyekundu kwenye ncha, na fundi aliyenifungia aliniambia huo ndio wa kisasa kwa kuwa unapitisha mwanga badala ya umeme. Nikaona sayansi imenishukia sebuleni. Kumbe waya ule ulibuniwa na Toshiba mwaka 1983 kwa ajili ya sauti ya CD, chaneli mbili. Dolby Digital na DTS ya kawaida zinajipenyeza kwa kuwa zimeshapunguzwa. TrueHD na DTS-HD kamili hazipiti humo, hata ununue waya wa dhahabu.

Kinachopitisha ni HDMI, ule waya unaobeba picha na sauti pamoja. Hapa nina onyo kwa wanaonunua resiva za mtumba. Yangu ya kwanza ilikuwa na matundu ya HDMI nyuma, lakini yalikuwa ya kupitishia picha tu kwenda kwenye TV, sauti haikuyagusa. Ukitaka resiva yenyewe ifungue TrueHD na DTS-HD, tafuta yenye HDMI kuanzia toleo 1.3, na kwa kawaida utaona nembo zote mbili zimechapwa usoni pake. Halafu igeuze nyuma usome umeme wake kabla hujatoa hela. Zinazotoka Marekani ni za volti 120, za Japani ni volti 100. Rafiki yangu alisoma nembo za mbele tu. Alifika nyumbani, akachomeka ukutani, ikalia pa, sebule ikanuka plastiki wiki nzima, na muuzaji akasema bidhaa ikishatoka dukani hairudi.

Basi nikapata resiva ya volti 230, nikanunua waya wa HDMI wa bei ya kawaida, nikafunga, nikaweka diski. Nikainama kwenye kidirisha. Dolby Digital.

Siku hiyo nusura nirudishe kila kitu sokoni. Nililala nayo. Kesho yake nikaanza kupekua menyu ya deki ukurasa kwa ukurasa, na mkosaji nikamkuta kwenye mipangilio ya sauti: "Secondary Audio", kwenye deki nyingine huitwa "BD Audio Mix". Kazi yake ni kuchanganya ile milio ya menyu na maelezo ya mwongozaji ndani ya sauti ya filamu. Ili kuchanganya, deki inaifungua sauti, inaongeza mlio wake, halafu inaifunga upya kwa mtindo wa kukata. Kwa hiyo ili usikie kale kamlio ka kubonyeza rimoti, unapoteza kila kitu ulichonunulia diski. Deki yangu ilitoka kiwandani ikiwa imewashwa. Nikazima. Kidirisha kikafikiri kama sekunde mbili, kikaandika Dolby TrueHD, na kataa kadogo ka samawati kakawaka ambako sikuwahi kujua kapo.

Mkishazima hiyo, angalieni pia kama deki imewekwa "Bitstream" au "PCM". Hapa watu wanapata presha bure. Bitstream maana yake deki inatuma khanga ikiwa imekunjwa na resiva ndiyo inayofungua. PCM maana yake deki inaifungua yenyewe na kutuma chaneli zote zikiwa wazi, na kidirisha kitaandika "Multi Ch" badala ya jina la Dolby. Khanga ni ileile. Kuna jamaa ana PS3 ya kwanza, ile mashine nene ya michezo ya PlayStation inayocheza Blu-ray pia, na alikuwa na huzuni kwamba resiva haimwandikii TrueHD. PS3 ile haiwezi kutuma bitstream ya hizi mbili, ila inazifungua yenyewe. DTS-HD Master Audio iliiongezewa kwa sasisho la mwaka 2008. Alikuwa anapata sauti kamili siku zote, akikosa taa tu.

Kosa jingine ni kuifanya TV kuwa mtu wa kati: deki inaingia kwenye TV, halafu TV inapeleka sauti kwenye resiva kwa ARC, yaani njia ya kurudisha sauti ndani ya waya uleule wa HDMI. ARC ya kawaida haina ubavu wa kupitisha hizi. Inayoweza ni eARC, iliyokuja na HDMI 2.1, na lazima TV na resiva zote ziwe nayo. Kama huna, deki iingie kwenye resiva, resiva ndiyo iende kwenye TV. Yamekwisha.

Sasa diski. Ile ya elfu mbili kwenye nailoni, iliyoandikwa Blu-ray kwa rangi zote za upinde, ni DVD iliyochomwa. Deki yako ya Blu-ray inaicheza kwa sababu inacheza DVD pia. Na ile ya kwenye fleshi, faili la GB 1.5 lenye neno BluRay kwenye jina lake, rudia hesabu tuliyofanya juu: sauti peke yake, hata ikikunjwa mpaka nusu, ni GB 3. Sasa picha imekaa wapi? Neno lile linasema filamu ilichotwa wapi, halisemi kilichobaki.

Diski halisi nayo ina mtego wake wa kanda. Sisi Afrika tuko kanda B pamoja na Ulaya na Ghuba, kwa hiyo za Dubai na Uingereza zinaingia bila shida kwenye deki za huku. Marekani ni kanda A. Dada yangu aliwahi kunitumia diski tano kutoka kule, kwa upendo kabisa, na nne hazikufunguka. Ya tano haikuwa imefungiwa kanda. Diski za 4K hazina kanda kabisa, ila zinataka deki ya 4K. Na ikishafunguka, ingia kwenye menyu ya lugha uhakikishe umechagua ile njia kamili, maana mara nyingi lugha moja tu imepewa TrueHD au DTS-HD na nyingine zimepewa Dolby Digital.

Je, nilisikia tofauti? Niseme ukweli, hata kama wenzangu wa kijiweni watanuna. Nilikaa na mgongo kwa TV, mke wangu akashika rimoti, akawa ananichezea kipande kilekile cha mvua ikinyesha kwenye bati, mara DTS-HD kamili, mara kiini chake cha DTS. Mara kumi. Nilipatia sita, yaani nilikuwa nabahatisha. Tukarudia na diski nyingine, TrueHD dhidi ya Dolby Digital, nikapatia nane. Kilichonisaidia ni mwisho wa sauti kuliko sauti yenyewe: namna mwangwi wa mlango unavyofifia, na matone ya nyuma yanavyokuwa tone moja moja badala ya mchanga unaomwagika. Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo hela yote ile ni kwa ajili ya mbili?"

Na kulinganisha kunahitaji uangalifu. Njia mbili kwenye diski moja zinaweza kuwa zimewekwa kwa ukubwa tofauti, na sikio hupenda iliyo kubwa zaidi. Sawazisha kwanza ndiyo uhukumu.

Kilichobadilisha sebule yangu kuliko vyote hivi hakikuwa na nembo. Spika ya kati ilikuwa imesukumwa ndani ya kabati, nyuma ya maua ya plastiki. Nikaivuta mpaka ukingoni, na mazungumzo ambayo nilikuwa nayakimbiza kwa rimoti yakasikika. Spika za nyuma zilikuwa zimebandikwa kwenye kona juu karibu na dari kama kamera za ulinzi. Nikazishusha karibu na usawa wa masikio, pembeni na nyuma kidogo ya kochi, kama nyuzi 110 ukihesabu kutoka mbele. Chumba chetu ni marumaru chini, vioo dirishani, kuta tupu. Ukipiga kofi moja unasikia matatu. Zulia zito na pazia nene vilifanya kazi ambayo resiva haikuweza. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu, ningeanza na zulia.

Usiku huwa nawasha ile hali ya usiku inayobana milipuko na kuinua minong'ono, maana ukuta wangu na wa jirani ni mmoja na sabufa haijui kubisha hodi. Ndiyo, nimehangaika miaka miwili kupata sauti kamili, na saa nne usiku naibana mwenyewe. Asubuhi naizima, na nawashauri mwangalie kama kwenu haijabaki imewashwa tangu mwaka juzi.

Ule waya wa taa nyekundu sikuutupa. Uko kwenye king'amuzi, unapitisha mpira na taarifa ya habari, na huko unatosha kabisa.