Unataka kugundua nova? Msikilize kwanza aliyeumbuka

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeanza kukodi darubini kwa mtandao. Nifanyeje nigundue nova kule Andromeda, nyota iitwe jina langu?"

Marahaba mdogo wangu. La jina lisahau. Nova, yaani nyota zinazolipuka na kung'aa ghafla, za Andromeda, galaksi jirani yetu, hupewa namba kama magari. M31N 2008-12a, kwa mfano, ni ya Desemba 2008. Waliiona Wajapani wawili, Nishiyama na Kabashima, wapenzi wa nyota tu, na baadaye ikaja kujulikana kwamba inalipuka karibu kila mwaka. Hakuna nova nyingine inayojulikana yenye haraka hiyo. Pamoja na yote hayo, majina yao hayamo.

Lakini nakuelewa, maana tamaa hiyo ndiyo iliyonitia mimi aibu.

Hapa Morogoro Andromeda haipandi zaidi ya digrii 42 hivi, na ikifika Oktoba na Novemba, ndio msimu wake mzuri, vuli nayo inabisha hodi. Nikakodi darubini iliyoko Hispania. Saa moja ya kukodi ilinila pesa ya mtungi wa gesi, mke wangu shahidi. Kinachotafutwa ni mlipuko: kibete cheupe, mzoga wa nyota, kinamnyonya mwenzake haidrojeni hadi siku moja ile haidrojeni iliyorundikana juu yake inawaka kama bomu. Kibete chenyewe kinabaki, kinaanza kunyonya upya. Wataalamu wanakadiria Andromeda ina milipuko 65 hivi kwa mwaka. Nikajiambia, kati ya 65 sitakosa hata mmoja?

Usiku wa tatu nikaiona nukta. Nyeupe, kali, haimo kwenye picha ya zamani. Sikulala. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nilishaitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na mjomba akanitumia elfu hamsini ya pongezi. Mchana nikatulia, nikafungua moja moja picha tano nilizokuwa nimezijumlisha kuwa moja. Nukta imo kwenye moja tu. Ilikuwa chembe ya mionzi kutoka angani iliyoigonga kamera, basi. Elfu hamsini sijairudisha hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: fungua picha moja moja. Nukta ya kweli inakaa palepale kwenye zote.

Najua utasema hata Edwin Hubble, yule mwanaastronomia maarufu, alikosea. Kweli, Oktoba 1923 aliandika N ya nova kwenye bamba la picha, kisha akaikata na kuandika VAR! kwa sababu ilikuwa nyota-geu, yaani nyota ambayo mwanga wake hupanda na kushuka, na nyota-geu hiyo ndiyo iliyomwezesha kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine kabisa. Haya. Kosa lake lilitanua ulimwengu. Langu liliishia kwa mjomba.

Baada ya hapo nikawa mwoga, na hilo ndilo bado linaniuma. Mwaka jana, saa tisa usiku, nikibonyeza mshale kushoto, kulia, kushoto, picha ya jana na ya leo, nukta ikachomoza pembeni mwa kitovu cha galaksi, katikati ya nyota mbili zilizokaa kama masikio ya paka. Imo kwenye picha zote tano. Magnitudo 17 hivi, yaani hafifu mno kwa macho matupu. Nikasema, safari hii siumbuki, nasubiri usiku wa pili. Usiku wa pili Hispania mawingu. Wa tatu mawingu. Wa nne nikafungua orodha ya ugunduzi na kuikuta imeshaandikishwa, mahali palepale. Nilikuwa nimeitangulia ile taarifa kwa saa kumi na nne. Nani ataamini?

Vijana, acheni uvivu wa kusubiri mbingu ziwafungukie! Ukiiona kwenye picha zote, kodi saa nyingine usiku uleule, piga tena, kagua orodha, peleka taarifa. Na kagua orodha ya nyota-geu pia, maana nyota nyekundu zinazopanda na kushuka kwa mwaka mzima huwalaghai wengi. Kitovuni, ambako mwanga wa galaksi unafunika kila kitu, tumia kichungi chembamba cha H-alpha, kinachopitisha wekundu wa haidrojeni tu. Haidrojeni ya nova hung'aa kwa wekundu huo hata baada ya mwanga wake mwingine kufifia. Wala usilie kwamba darubini ni ndogo. Kamil Hornoch wa Ucheki alikamata nova kwa kioo cha sentimita 35 kijijini Lelekovice. Na usisahau: fungua picha moja moja. Nimeshasema? Narudia.

Ile ya masikio ya paka ninayo kwenye diski. Faili nimeliita "yangu_kabisa".