Maswali ya Wasomaji: Nani Amepanga Saa Zangu?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Jambiani na nalima mwani. Tuliitwa kwenye kikao cha shehia tukatakiwa sisi wanawake tujiunge na vikundi na tuhudhurie mafunzo ya ujasiriamali kila Jumanne na Alkhamisi. Nilipomwambia mume wangu kuwa sina nafasi, alinijibu kwamba siku yangu na yake zina saa sawa, nisiisingizie serikali kwa mambo ya nyumbani. Je, kweli serikali haihusiki, au ni mimi nisiyejua kupanga?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Serikali ina mkono katika saa zako, tena mrefu, ila haupo pale ulipotajwa kikaoni. Mipango inayowataja wanawake kwa jina, kama hayo mafunzo na vikundi, mara nyingi huwaongezea kazi; inayowapa au kuwanyang'anya wakati ni ile isiyowataja kabisa.

Chukua skuli. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa Zanzibar mwaka 1964, na hakuna mzazi wa kuibeza, lakini watoto walipoyazidi madarasa, skuli nyingi zikaingia mikondo miwili. Mwenye wawili asubuhi na wawili mchana huandaa chakula mara mbili, na wa asubuhi akirudi ndipo anapotayarishwa kwenda chuoni kusoma Kurani. Sasa iweke bahari juu ya ratiba hiyo. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kuanzia kiasi cha saa nne asubuhi, na mkulima hupata saa chache tu za kufunga mbegu kwenye kamba kabla hayajarudi. Saa hizo hizo ndizo mtoto wa mkondo wa mchana anazotakiwa awe ameoga, amekula na amevaa. Wewe ndiye unayepanda kutoka pwani na mchanga magotini, unampakulia wali, unamfunga vifungo vya shati, kisha unashuka tena na kuyakuta maji yameshafika kiunoni. Ndiyo maana, zinapojengwa skuli za ghorofa ili watoto wote wasome asubuhi, mimi huuhesabu ujenzi huo kuwa ni sera ya wanawake, ingawa katika hotuba hutajwa idadi ya madarasa tu.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara. Waya wa chini ya bahari haujui mume wala mke, lakini pampu ziliposimama mifereji ilikauka, na foleni za ndoo visimani zilikuwa za akina mama na mabinti zao.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2005 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo. Wewe mwajiri wako ni bahari, kwa hiyo likizo yako hutegemea nani atakushikia mtoto. Pensheni jamii nayo, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70, ni msaada wa kweli, lakini haisemi ni nani atakayemwogesha mzee.

Kuhusu mafunzo, usiyakatae. Jumanne na Alkhamisi ni kalenda ya ofisini, na mwani haufuati Jumanne, unafuata mwezi. Nendeni kwa sheha mkiwa kundi, mkaombe mafunzo yawekwe siku za maji mafu, ambapo hamshuki pwani, na yaanze baada ya watoto wa mchana kuondoka. Mumeo naye, kama huwa nyumbani saa sita katika siku za bamvua, mwachie wali umeshaiva na sare imeshapigwa pasi, ampakulie na kumvisha yeye mtoto wa mkondo wa mchana.